Nondo Zipimwe Kabla ya Zege

Askari hapokei bunduki bila kuikagua. Mbona basi alale chini ya zege ambalo vyuma vyake havikukaguliwa na mtu? Sisi twaona kwamba kila nondo iingiayo katika ujenzi wa kambi na nyumba za askari sharti ipite kwanza kwenye mizani.

Zege huhimili kugandamizwa, bali likivutwa hupasuka. Kazi ya kuzuia mpasuko huo ni ya nondo, na zege likishamwagwa hakuna jicho liwezalo kuona ndani.

Hila ya walanguzi ni nyepesi. Nondo huuzwa kwa kipande, na kipande huitwa cha milimita 12 hata kikiwa cha 11. Mnunuzi husema milimita moja si kitu. Kumbe hiyo moja huondoa karibu sehemu moja kwa sita ya chuma chote! Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 yapasa kuwa na kilo 10.6 hivi; ile ya milimita 11 haifiki kilo 9. Ikiwa chini ya kilo 10, irudishwe dukani.

Wako wasemao kwamba nondo nyembamba ni nafuu. Na wapige hesabu ya bei kwa kilo, ndipo watakapojua kama wamepunguziwa bei au wamepunguziwa chuma. Aidha, nondo inunuliwe kutoka kiwanda chenye hati ya Shirika la Viwango, UNBS. Kutu nyepesi haidhuru. Ile ibandukayo magamba imekwisha kula chuma.

Jengo likianguka, waitwao kufukua ni ninyi. Ghorofa la Huruma, Nairobi, lilipoanguka tarehe 29 Aprili 2016, wanajeshi na polisi wa jirani zetu walichimbua vifusi kwa siku kadhaa. Watu wapatao 50 walikufa. Sababu za majengo kuanguka ni nyingi, lakini hii ya nondo pungufu twaweza kuizuia mapema.

Kwa hiyo twawashauri maafisa wasimamizi: mizani iwekwe langoni, na uzito uandikwe katika hati ya kupokelea mali kabla sahihi haijatiwa. Askari ajengaye kwake kwa mshahara wake naye afanye vivyo hivyo.