Mgeni akifika Kolwezi, aonyeshwe nini?

Likizo ikifika, kuna familia za Kolwezi zinazovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusalimia ndugu walioko Chingola, Kitwe ama Ndola, nchini Zambia. Wenyeji wao hawakosi pa kuwapeleka. Upande wa Chingola kuna Chimfunshi, kituo cha sokwe mtu kilichoanza 1983. Sokwe wa kwanza kupokelewa pale alitoka Zaire, akiwa amenyang'anywa wawindaji haramu. Mkongomani anasafiri hadi ugenini kutazama mnyama wa kwao.

Sasa ndugu hao wakija Kolwezi, wataona nini? Wakipita Kingamyambo watakuta mabaki ya madini yaliyorundikwa miaka mingi, ambayo leo yanachotwa upya kutafuta shaba na kobalti. Hata takataka ya mgodi imepata mwekezaji, lakini uzuri wa jimbo bado unangoja.

Na uzuri upo. Ziwa Nzilo, kwenye mto Lualaba, liko karibu na mji. Mbuga ya Upemba, iliyoundwa 1939 na ambayo sehemu yake iko Lualaba, ndiyo yenye pundamilia wa mwisho wa Kongo. Lakini walinzi wake wamekuwa wakiuawa na wanamgambo, na mtalii anaogopa.

Kanuni ya madini ya 2018 inalipatia jimbo asilimia 25 ya redevansi ya madini. Serikali ya jimbo itenge sehemu ya pesa hizo kwa usalama wa Upemba na barabara za kufika huko. Shaba ikichimbwa haioti tena, ila pundamilia akilindwa anazaa.