Mchagua Jembe Ana Vidole Kumi

Kuna methali ningependa ipigwe marufuku katika kila karakana kuanzia Cheptiret hadi Talai: mchagua jembe si mkulima. Niliambiwa na fundi aliyenifunza kushika randa, mzee ninayemheshimu sana, siku nilipomuuliza kama nibadilishe fensi ya msumeno wangu wa meza. Aliisema huku amenyoosha mkono wa kushoto, mkono wenye vidole vinne na nusu.

Kwa asiyejua, fensi ni ule upau unaokaa juu ya meza ya msumeno, sambamba na bledi. Ubao unauegemea ukisukumwa, ndipo unapasuka kwa upana uleule mwanzo hadi mwisho. Msumeno wangu ni wa mitumba, nilinunua Eldoret mjini kwa shilingi 18,000. Mota iko sawa. Fensi yake ni bati lililokunjwa, linafungwa kwa mbele tu, na ukilisukuma nyuma kwa kidole gumba linacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kwanza hiyo methali yenyewe ni uongo, na hakuna mahali ni uongo zaidi ya Uasin Gishu. Jaribu kumwambia mkulima wa Kesses apande mbegu yoyote tu, aache 614 yake aliyoizoea, uone kama mtamaliza chai. Watu hapa wanabishana kuhusu plau na trekta hadi ng'ombe wanalala bila kukamuliwa. Mkulima anachagua jembe kila msimu. Ni fundi wa mbao peke yake anayeambiwa kuchagua ni uvivu.

Sasa niungame, maana kuna kambi ya pili na mimi nilikuwa mtumishi wake. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, nilianza kuandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno. Mteja mmoja wa ng'ambo alikuwa na tovuti ya useremala wa nyumbani. Nilimwandikia kuhusu fensi bora za msumeno wa meza, na nikawashauri wastaafu wa Ohio watoe dola 300 wanunue fensi ya kisasa, ati “itabadilisha kazi yako”. Niliandika nikiwa kitandani kwenye chumba cha kukodi, tokeni za stima zikikaribia kuisha, na sikuwa nimegusa msumeno wa meza hata siku moja. Kwa hivyo nawajua wote wawili, anayesema vumilia na anayesema nunua. Hakuna kati yao anayesukuma ubao wako.

Anayeusukuma ni wewe, na mbele yako bledi ya inchi 10 inazunguka mara 4,000 kwa dakika. Piga hesabu: meno yanakwenda karibu kilomita 190 kwa saa. Matatu za hapa zimefungiwa vidhibiti mwendo visizidi 80. Meno ya mbele yanashuka kuelekea mezani, hayo hayana neno. Ya nyuma yanapanda. Kama mwisho wa fensi umeinama kuelekea bledi, ubao unabanwa kati ya hivyo viwili, meno ya nyuma yanaunyanyua, na unarudi kwako kwa kasi hiyo. Mara nyingi mkono nao unavutwa uelekee bledi kabla hujajua kimetokea nini.

Mwezi wa Mei nilikuwa napasua saiprasi ya meza ya mwanafunzi. Ubao ukanipiga teke chini ya mbavu. Kipande kilipita hadi kwenye mabati ya ukuta kikaacha kibonyeo ambacho mama bado ananiuliza kitalipwa na nani. Nilipopata pumzi nilichukua futi, nikatia alama kwenye jino moja, nikapima kutoka jino hadi fensi kwa mbele, nikalizungusha nyuma nikapima tena. Tofauti ilikuwa milimita tatu. Milimita tatu! Na kwa miezi minne nilikuwa nimejilaumu kwamba mikono yangu haijakomaa.

Hilo ndilo linaniudhi zaidi ya maumivu. Ukiwa na kifaa kibovu na methali nzuri, kila kosa la chuma unalibeba wewe. Mbao zikitoka na upana mbili, wewe hujui kazi. Kidole kikienda, hukuwa makini. Halafu mtu mwenye suti anakuja kwenye sherehe kusifu mafundi wa jua kali kwa kufanya mengi kwa machache, tunapiga makofi, na hakuna anayehesabu vidole vilivyopiga makofi hayo.

Rafiki yangu mmoja ana hoja nzuri kuliko methali. Anasema: mwanafunzi atalipa 3,500 kwa meza hiyohiyo, fensi iwe ya bati au ya dhahabu, sasa unamnunulia nani? Ni kweli, mteja haoni fensi. Lakini mimi naiona. Naiona kwenye ukingo uliopinda ambao narudi kuunyoosha kwa randa nusu siku, na kwenye mbao ninazopeleka jikoni kuwa kuni. Meza moja kati ya nne ilikuwa inakula faida ya zile tatu. Mbavu sijaziweka bei bado.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, badilisha fensi, na uibadilishe kabla hujanunua drili mpya au hicho kisanduku cha patasi unachokitamani. Ila usiagize. Fensi iliyoleta sifa zote hizo Marekani, ile ya William Biesemeyer, ni bomba la chuma la pembe nne lililochomelewa kwenye kipande kingine cha chuma kama herufi T, linabana upau wa mbele na kujipanga lenyewe. Zilizofuata nyingi ni nakala yake. Yule fundi anayekuchomelea geti anaweza kuitengeneza, mradi usimame karibu na skwea yako, umkatalie mara mbili akisema “hiyo iko sawa, boss”.

Na usidhani fensi inamaliza mambo, hapo makala zangu zilidanganya pia. Mzee wa Ohio ananunua mbao zilizokaushwa na kunyooshwa. Saiprasi yetu inatoka kwa mwenye mashine ikiwa mbichi, imepinda, na ukiipasua inajifunga na kuibana bledi hata fensi ikiwa nyoofu kama reli. Nyoosha ukingo mmoja kwa randa kwanza. Na urudishe kile kisu cha nyuma ya bledi kinachozuia ubao usijifunge, ambacho karibu kila mtu hapa amekitoa akakitupa kwa sababu “kinasumbua”. Mimi nilikikuta ndani ya debe la misumari.

Mabomba hawauzi nusu, kwa hivyo nililazimika kununua lote, futi 20, na kumlipa wa kuchomelea. Jumla haikufika 4,000. Fensi ya kwanza ilitoka imejikunja kwa joto, tukairudia.

Mzee alipita Jumamosi. Sikumwambia kitu, nilimpa kiti na chai. Alisimama, akachukua futi yangu, akapima mbele, akapima nyuma, akarudi mbele. Akasukuma mwisho wa fensi kwa kidole gumba cha mkono ule. Haikucheza.

“Bomba lilibaki?” akauliza.

“Futi saba hivi, Mzee.”

“Usimpe mtu.”