Programu ya ukaguzi ichaguliwe kwa kazi, si kwa sifa

Daftari la hesabu za umma limehamia ndani ya kompyuta. Malipo ya Serikali yanapita katika mfumo wa MUSE, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi anaandika mapato na matumizi ya shule yake katika mfumo wa FFARS, ulioanza kutumika mwaka 2017. Kwa sababu hiyo mkaguzi wa hesabu hawezi tena kutegemea kalamu nyekundu na kikokotoo peke yake. Anahitaji programu itakayosoma maelfu ya hati kwa muda mfupi na kumwonyesha palipo na kasoro.

Swali lililo mbele ya wakuu wa idara ni programu ipi inafaa. Ni swali zito, lakini aghalabu huachiwa muuzaji alijibu. Ofisi hununua programu ya bei kubwa kwa sababu imesifiwa katika semina. Mwaka ukiisha, leseni imekwisha, aliyefundishwa kuitumia amehamishwa, na kazi inarudi pale pale ilipokuwa.

Nchi hii haikuanza jana kujifunza jambo hilo. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965. Matatizo yaliyofuata katika kuweka hesabu za Serikali kwenye mashine yalichangia uamuzi wa mwaka 1974 wa kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Haifai kusema kwamba mashine ilikuwa adui. Fundisho ni kwamba chombo kilichotangulia kabla ya watu wa kukitumia ni mzigo.

Zipo njia tatu za kufaa kulinganishwa. Ya kwanza ni programu za majedwali kama Excel, ambazo watumishi wengi wanazifahamu. Zinatosha kwa hesabu ndogo, lakini zina mipaka. Jedwali moja la Excel huishia mistari 1,048,576, na faili za mtindo wa zamani huishia mistari 65,536. Mwaka 2020 huko Uingereza majibu ya watu karibu 16,000 waliopatikana na virusi vya korona yaliachwa nje ya taarifa, kwa kuwa faili la mtindo huo wa zamani lilikuwa limejaa. Aidha, mtu aweza kubadili tarakimu katika jedwali la kawaida bila kuacha alama yoyote, na hilo ni jambo la hatari kwa ushahidi.

Njia ya pili ni programu zilizotengenezwa kwa ajili ya wakaguzi, kama ACL na IDEA, zote zenye asili ya Kanada. Hizi husoma taarifa bila kuzigeuza, hutunza kumbukumbu ya kila hatua ya mkaguzi, na zina vipimo vilivyo tayari: malipo yaliyorudiwa, namba za stakabadhi zilizorukwa, hati zisizo na mwenzake. Kasoro yake ni gharama, kwani leseni hulipiwa, tena mara nyingi kwa fedha za kigeni.

Njia ya tatu ni lugha za kompyuta zisizolipiwa, kama R na Python. Hatua zote huandikwa, hivyo mkaguzi mwingine anaweza kuzirudia na kuona kama atapata jibu lile lile. Lakini hazina huruma kwa asiyejifunza. Zinadai miezi ya mazoezi, na ofisi isiyo tayari kutoa muda huo isijidanganye kwamba imepata kitu cha bure.

Jambo hili si la mafundi pekee. Mwaka 2016 Serikali iliondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha za mishahara, na mwaka 2017 majina ya watumishi 9,932 yalitajwa katika uhakiki wa vyeti vya kughushi. Kazi ya namna hiyo hutegemea kulinganisha orodha moja na nyingine. Programu ikiagizwa kulinganisha majina tu, walimu wawili wanaoitwa Mohamed Juma, mmoja Lindi na mwingine Kondoa, wataonekana kuwa mtu mmoja anayelipwa mara mbili. Mwalimu asiye na hatia atasimamishiwa mshahara, na watoto wake watalala njaa. Upande wa pili, mwizi aliyebadili herufi moja ya jina lake atapita salama. Kosa si la mashine. Ni la aliyeiagiza bila kuangalia namba ya utumishi na tarehe ya kuzaliwa.

Kwa hiyo yafaa mambo machache yazingatiwe. Kwanza, idara iandike maswali inayotaka yajibiwe kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Pili, kila programu ijaribiwe kwa orodha halisi ambayo kasoro zake zinajulikana, ionekane ipi inazigundua zote na ipi inawasingizia wasio na kosa. Tatu, gharama ihesabiwe kwa miaka mitano, pamoja na leseni na mafunzo. Nne, wafundishwe watu watatu au wanne, asiwe mmoja, ili uhamisho usiue kazi. Mwisho, jibu la kompyuta lichukuliwe kuwa mwanzo wa uchunguzi, na mhusika asikilizwe kabla ya hatua kuchukuliwa.

Idara zenye wakaguzi wengi zitaona faida ya kununua leseni chache za ACL au IDEA kwa kazi ya ushahidi, huku vijana wao wakifundishwa R au Python kwa uchambuzi mpana. Halmashauri ndogo isione haya kuanza na jedwali, mradi inajua mipaka yake na inatunza nakala isiyoguswa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lipo, tena ni kubwa kuliko lilivyopata kuwa. Lisipopata msomaji aliyeandaliwa, mali ya wananchi itapotea vile vile, safari hii habari zake zikiwa zimeandikwa mbele ya macho yetu.