Binti akienda Uarabuni, nakala ya mkataba ibaki komine

MWEZI uliopita nilipanda basi hapa Gitega, nikapitia Karuzi hadi Muyinga kumsalimia dada yangu. Baada ya chai, binti yake alileta mfuko wa nailoni, akatoa karatasi sita na kuniwekea magotini.

"Mjomba, nisomee," aliniambia. "Nimeshatia sahihi, lakini sijui kilichoandikwa."

Karatasi zile zilikuwa za Kiarabu na Kiingereza. Yeye anajua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kidogo cha shule. Wakala aliyemletea alikuwa amemweleza mambo mawili tu: mshahara na tarehe ya kusafiri. Jina la mtu atakayemfanyia kazi za nyumbani Riyadh alilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu.

Ndugu msomaji, hiki si kisa cha nyumba moja. Kwa miaka mingi mabinti wa Burundi walikwenda nchi za Ghuba kwa njia za panya, wengine wakipitishwa nchi jirani. Mwaka 2014 tulitunga sheria ya kuzuia na kuadhibu biashara ya binadamu, na mwaka 2021 serikali ikatia saini makubaliano na Saudi Arabia ili wafanyakazi waende kwa njia halali. Naunga mkono hatua hiyo. Kenya, Uganda na Ethiopia ziliwahi kupiga marufuku safari za aina hii, kisha zikaondoa marufuku hiyo. Mwenye njaa ukimfungia mlango, atapitia dirishani.

Tatizo ni kwamba safari ikiwa halali, kamba bado ipo. Visa hii hutolewa kwa jina la mwajiri. Waarabu huuita utaratibu huo kafala, na mwajiri ndiye kafili, yaani mdhamini. Yeye ndiye aliyelipa gharama za wakala na tiketi, na kibali cha binti kukaa nchini kinamtegemea yeye. Kwetu dhamana ndiyo humtoa mtu mahabusu. Kule yaweza kumweka ndani. Mfanyakazi akikimbia nyumba ya mateso, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ni mtoro, na tangu hapo aliyekuwa anadai mshahara wake anageuka mkosaji wa uhamiaji. Mwaka 2021 Saudi Arabia ililegeza masharti na wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kuhama mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mageuzi hayo.

Asije mtu akasema haya ni ya Waarabu peke yao. Uingereza ilipopungukiwa na watunza wazee, mwaka 2022 iliwafungulia wageni mlango kwa visa inayoshikwa na mwajiri vilevile. Baadhi ya waajiri walipopokonywa leseni, wafanyakazi wasio na kosa waliambiwa watafute mdhamini mwingine ndani ya siku 60 au waondoke. Julai 2025 mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje.

Nilimweleza mpwa wangu yote hayo na kumsihi aahirishe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, shamba la babu limegawanywa mpaka limekuwa kiwanja. Nikibaki nitalima wapi?"

Sikuwa na jibu. Hata babu zetu walisukumwa na shida kama hiyo. Enzi za ukoloni vijana wa Urundi walivuka kwenda mashamba ya mkonge Tanganyika, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Aliyeshindwa na kazi aliweza angalau kutoroka usiku akarudi kwao kwa miguu. Kutoka Riyadh hakuna njia ya miguu.

Ndiyo maana sidai safari zifungwe. Nadai mambo matatu. Kwanza, mkataba usomwe kwa Kirundi, au kwa Kiswahili kwa anayekitaka, mbele ya ndugu na kabla ya sahihi. Pili, nakala moja ibaki komine, ikiwa na jina la mwajiri, anwani, simu na jina la wakala, ili siku simu ya binti ikizimwa mama yake ajue pa kuanzia. Tatu, makubaliano ya mwaka 2021 yakipitiwa upya, wajumbe wetu wadai haki ya mfanyakazi kuhama bila ruhusa ya mwajiri, na pasipoti yake ikae mkononi mwake.

Wapo watakaosema tukidai mengi, matajiri watachukua watu kwingine. Ufilipino hukagua mikataba ya raia wake kupitia maofisa wa kazi iliowaweka ughaibuni, na bado waajiri wa Ghuba wanawatafuta Wafilipino. Anayeogopa mkataba wake kusomwa ana jambo analolificha.

Mpwa wangu ameshaondoka. Kabla ya safari nilizitoa fotokopi karatasi zake sita karibu na soko la Muyinga, nikarudi nazo Gitega. Ziko kabatini kwangu, pamoja na hati ya kiwanja. Akipiga simu usiku analia, nitajua nimtaje nani na nianzie wapi.

Lakini wako mabinti wengi Muyinga na hapa Gitega wasio na mjomba anayesoma Kiingereza. Karatasi zao wanaondoka nazo zote, na nyumbani haibaki hata moja. Kabati la komine lipo, na fotokopi sita hazigharimu hata bei ya kilo ya nyama. Tunangoja nini?