Banda la Bata Lisiwe Bwawa



Bata ni ndege wa maji. Kila mtu anajua hivyo. Akiona dimbwi huingia, hata kama maji yake ni machafu. Kwa sababu hiyo watu wengi husema, "Bata hana haja ya mahali pakavu. Mwache alale popote."

Maneno hayo si ya kweli. Mwangalie bata anapotoka majini. Husimama mahali pakavu, hujikung'uta, kisha huyasafisha manyoya yake kwa mdomo mpaka yakauke. Mchana bata anataka maji. Usiku anataka kulala pakavu. Banda lenye matope humletea maradhi yeye mwenyewe. Tena huwaletea maradhi watu wa nyumba hiyo, hasa watoto wadogo.

Hapa kwetu Ushetu, mkoani Shinyanga, mvua huanza kunyesha mwezi Novemba na huendelea mpaka Aprili. Katika miezi hiyo ua hujaa matope. Macho yetu wakati huo yako kwenye mahindi, mpunga, pamba na tumbaku. Wengine macho yao yako kwenye dhahabu. Bata huonekana ni kitu kidogo, mali ya akina mama na watoto. Hakuna anayemjengea. Hulala chini ya uchaga, au jikoni, au hata ndani ya nyumba tunamolala sisi. Lakini wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

MADHARA YA BANDA LENYE MAJI

Kinyesi cha bata ni chepesi. Sehemu kubwa ya kinyesi hicho ni maji. Kwa hiyo hata mvua isiponyesha, bata mwenyewe hulilowesha banda lake. Asiposafishiwa, hulala juu ya uchafu wake.

Banda likilowa, mambo haya hutokea. Hewa huwa kali na huwasha macho. Nyayo za bata hupata vidonda, naye huchechemea. Vifaranga hupata baridi na kufa. Matandiko huota ukungu, na ukungu huo huingia katika mapafu ya ndege.

Mayai nayo huharibika. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Yai likikaa juu ya kinyesi kibichi, vijidudu hupenya ndani. Bata wetu wa kienyeji huatamia kwa muda wa siku 35. Yai likioza, kazi ya wiki 5 imepotea bure.

Lakini hasara kubwa kuliko zote ni ya mtoto. Mtoto anayetambaa hushika kila kitu na kukitia mdomoni. Kinyesi cha bata huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Nzi hutua bandani, kisha hutua kwenye uji. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hudhoofika, na akipungukiwa maji mwilini anaweza kufa. Je, faida ya bata ni nini kama inatupeleka zahanati kila wiki?

CHOO PEKE YAKE HAKITOSHI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walikutana katika vikundi. Walisikiliza vipindi vya redio, wakasoma vitabu vya kampeni, wakajadiliana. Baada ya majadiliano walifanya kazi. Walichimba vyoo, walifyeka majani kuzunguka nyumba, walifukia madimbwi. Watu walijifunza kwamba maradhi mengi yanaweza kuzuiwa kwa jembe na fagio.

Somo hilo halijazeeka. Leo kiongozi wa kitongoji au mtaalamu wa afya akitembelea kaya, huuliza, "Choo kiko wapi?" Hilo ni swali zuri. Lakini mtu anaweza kuwa na choo kizuri chenye mfuniko, huku kinyesi cha bata kimetapakaa mlangoni ambapo mtoto anacheza. Nyumba hiyo bado haijawa safi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: anayekagua choo akague na banda la bata. Na mwenye kaya asingoje kukaguliwa.

JINSI YA KUTENGENEZA BANDA KAVU

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Vifaa vingi tunavyo kijijini.

1. Chagua mahali palipoinuka. Pawe mbali na jiko, mbali na chumba cha kulala, na mbali na kisima.

2. Inua sakafu kwa shubiri moja kutoka ardhini. Tumia udongo wa kichuguu, uushindilie mpaka uwe mgumu. Sakafu iiname kidogo kuelekea mlangoni. Chimba mfereji kuzunguka banda ili maji ya mvua yapite nje.

3. Ezeka kwa nyasi nene au bati. Upenu utokeze mbele ili mvua isipige ndani. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, uizibe kwa wavu au fito ili kicheche asiingie.

4. Usijaze bata kupita kiasi. Mahali penye hatua moja kubwa kila upande panatosha bata wazima watatu.

5. Tandika maganda makavu ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa, au nyasi kavu. Unene uwe kama upana wa kiganja. Usitandike kitu chenye ukungu.

6. Weka maji ya kunywa nje, juu ya mawe au changarawe. Bata hucheza na maji na kuyamwaga. Chombo kiwe na kina cha kutosha bata kuzamisha mdomo na matundu ya pua, kwa kuwa ndivyo anavyojisafisha. Bata wazima hawahitaji maji bandani usiku kama hawana chakula humo. Vifaranga wawekewe maji kila wanapokula.

7. Wafungulie bata saa mbili au saa tatu asubuhi. Bata wengi hutaga usiku au alfajiri. Ukichelewa kidogo kuwafungulia utayapata mayai bandani, wala hutayatafuta vichakani.

8. Ondoa matandiko yaliyolowa kila siku, uongeze makavu. Mara moja kwa wiki toa yote, fagia, nyunyiza majivu, kisha tandika upya.

Utajuaje kama banda ni kavu? Chota matandiko, uyafumbate. Ukifumbua kiganja yakatawanyika, ni makavu. Yakishikamana na kukulowesha, yatoe mara moja. Kisha inama mlangoni, unuse. Pua na macho yakiwasha, banda linahitaji usafi leo, wala si kesho.

Kinyesi na matandiko ya zamani usivitupe uani. Vitie katika shimo la mboji, uvifukie kwa udongo. Vikishaoza vizuri ni mbolea nzuri ya bustani ya mboga. Baada ya kazi nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinafaa sana. Kama hakuna sabuni, tumia majivu. Mayai ya bata yachemshe mpaka yawe magumu, hasa yanapoliwa na watoto, wazee na akina mama wajawazito.

Bata wasilale pamoja na kuku. Bata huweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha ugonjwa, lakini kuku wakiambukizwa huteketea. Muulize afisa mifugo juu ya chanjo ya matone ya jicho, ambayo kuku hupewa kila baada ya miezi mitatu. Bata wakifa wengi kwa ghafla, usiwale wala usiwauze. Mwarifu afisa mifugo.

NI KAZI YA NANI?

Wako wanaosema, "Nje kuna wezi, afadhali bata walale ndani nasi." Wizi upo, ni kweli. Lakini dawa ya wizi ni mlango imara na kufuli. Kulala na kinyesi hakumzuii mwizi, na maradhi yanaingia bila kubisha hodi.

Wengine husema, "Bata ni wa mama, mama ashughulike." Mama huyo amelima, amechota maji, amepika, amemwogesha mtoto. Mayai yakipikwa, baba hula. Bata akiuzwa mnadani, fedha hununua chumvi na daftari za watoto wote. Basi baba na vijana wajenge banda na kuchimba mfereji. Kufagia wapokezane. Mtoto mdogo asitumwe kazi hiyo.

Ndugu mwanakijiji, mwezi Novemba usikukute bila banda. Kata fito na nyasi wakati wa kiangazi. Chimbua udongo wa kichuguu kabla haujalowa. Bata apewe maji yake nje, mchana. Ndani ya banda pawe pakavu, na mtoto wako apate ua safi wa kutambalia.