Mashabiki wa Ingwe wana haki ya kununa

Zaidi ya robo karne baada ya AFC Leopards kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 1998, ngoma za isukuti zingali zinarindima inapocheza. Wakongwe husimulia 1982, 1983 na 1984, Ingwe iliponyakua mfululizo kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Husimulia pia amri ya serikali iliyofuta jina Abaluhya, eti kukomesha ukabila. Hilo wengi walilimeza. Kinachowakereketa ni ukata: mdhamini SportPesa alipojiondoa mwaka 2019, wachezaji walikaa miezi bila mishahara, na mashabiki wakaombwa wachange. Anayechanga, tena akalipa kiingilio, anastahili kuelezwa pesa zinavyotumika.