Uwiano mzuri vitabuni si dhamana ya fedha zako

Kila baada ya mavuno ya ngano Hanang na vitunguu saumu Mbulu, swali ni lile lile: fedha ziende wapi? Wapo wanaonunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Wapo wanaoyaachia makampuni magunia kwa mali kauli. Wote wamekabidhi mali yao kwa kampuni, na wote hawana budi kusoma hesabu zake kwanza.

Kipimo rahisi ni kugawa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi. Tuseme kampuni ya nafaka ina mali hizo za shilingi milioni 200, na madeni ya milioni 100 ya kulipwa ndani ya mwaka. Uwiano ni 2, na wengi watasema ni salama. Lakini kama milioni 150 kati ya hizo ni ngano iliyo ghalani, fedha taslimu na madai ni milioni 50 tu. Ukiondoa ngano, uwiano unashuka hadi 0.5. Bei ya ngano ikianguka, aliyetoa mali kauli ndiye atakayezungushwa.

Angalia pia tarehe ya kufunga vitabu. Ghala la baada ya mavuno si ghala la Machi. Kwa hiyo linganisha hesabu za tarehe ile ile, kwa miaka mitatu angalau.

Aidha, usipime makampuni yote kwa debe moja. Benki kama NMB na CRDB zina madeni makubwa mara nyingi kuliko mtaji, na si ajabu: amana za wateja ndizo deni la benki. Kwa benki tazama mikopo chechefu, ambayo kiwango kinachovumiliwa na Benki Kuu ni asilimia 5 ya mikopo yote.

Zaidi ya hayo, vitabu husema yaliyopita. Vodacom Tanzania, iliyouza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, hufunga hesabu mwezi Machi. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, ambayo haikuwamo katika hesabu za Machi mwaka huo. Aliyeipima kampuni kwa hesabu hizo peke yake hakukosea kugawa, alikosa habari.

Wapo wanaosema basi uwiano hauna maana, bora kuuliza watu mnadani. Hatukubaliani nao. Mnadani utaambiwa kampuni ina magari mangapi, hutaambiwa magari hayo yamenunuliwa kwa mkopo wa nani. Uwiano hautoi jibu la mwisho, bali humwonyesha mfanyabiashara wa Katesh au Dongobesh swali la kuuliza: mbona madai yanapanda kuliko mauzo? Mbona gawio linazidi faida?

Kampuni iliyo kwenye soko la hisa inalazimika kutangaza hesabu zake. Kampuni binafsi inayonunua mazao hailazimiki kuzitangaza kwa umma, lakini mwenye gunia ana haki ya kuomba azione kabla ya kukopesha. Ikikataa, dai fedha taslimu.